Kula Ubuyu Nako ni Kazi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kila Jumamosi wewe na huyo mwenzako mnakula ubuyu na krispi halafu mnakuja kutuandikia. Hiyo nayo ni kazi?" Akamalizia na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nilikuwa kwenye daladala la Mwenge, nimesimama, nimeshika bomba kwa mkono mmoja. Nikaifunga simu. Nikaifungua tena nione kama nimesoma vizuri. Nilikuwa nimesoma vizuri.

Sikumjibu siku ile kwa sababu ningemjibu vibaya. Leo namjibu hapa hapa mbele ya watu, maana najua wengi mnaopita humu mna jambo lenu mnaloliwaza, iwe ni korosho, kashata, visheti, kachiri za muhogo au huo ubuyu wenyewe, na mnasubiri mtaji tu. Basi kaeni, tuongee.

Nakaa Sinza, nimepanga na mwenzangu mmoja, vyumba viwili na sebule. Yeye ni wa Wete, Pemba. Mimi nimekulia Shinyanga. Humu nitamwita Mpemba, na hana kinyongo, kwani yeye ananiita Msukuma hata mbele ya wageni. Hatuelewani karibu kwa lolote. Yeye anaingiza umeme wa buku mbili mbili. Mimi naingiza wa mwezi mzima halafu nanuna nikimkuta anapiga pasi khanga saa tano usiku. Yeye vyombo lazima vilale vimeoshwa. Mimi naamini sufuria ikilowekwa usiku kucha inajiosha nusu. Kwenye chakula ndiyo usiseme. Ulimi wake umelelewa na ndimu, achari na pilipili mbuzi. Wangu umelelewa na michembe na matobolwa, vile viazi vitamu tunavyokausha juani, utamu wake wa pole, unaukuta ukishatafuna kwa muda. Siku nilipompa matobolwa alitafuna, akanitazama, akasema ni kama nimempa kamba ya mbuzi.

Sasa hapo ndipo faida ilipo, na hili ndilo la kwanza nawashauri: usionje na mtu mwenye ulimi kama wako. Ningekuwa nimepanga na Msukuma mwenzangu tungekuwa tunasifiana tu mpaka leo.

Mambo yalianza na ubuyu wa chokoleti. Sisi wa zamani kidogo tunaujua ubuyu mmoja, ule mwekundu unaoacha ulimi na vidole vimepakwa. Sukari na maji vinachemshwa mpaka shira inakuwa nzito, inatiwa rangi, iliki na pilipili kidogo, kisha ubuyu unamiminwa na kukorogwa bila kupumzika mpaka shira ishike kila punje. Basi. Siku hizi ukiingia Kariakoo au ukifungua simu unakutana na ubuyu wa maziwa, wa pasheni, wa ukwaju, wa stroberi, wa kahawa. Mpemba akaja na kopo la chokoleti na kopo la ukwaju siku moja, ametoka nayo kazini kwake.

Tulivyoonja, chokoleti ikasifiwa na kila mtu. Jirani wa juu akasema "jamani, kumbe!" Fundi aliyekuja kurekebisha bomba akasema "hii kali." Mimi mwenyewe niliandika sifa tupu. Ukwaju hakuna aliyeutaja. Halafu tukaendelea na maisha, makopo yote mawili yako mezani, wazi. Ukwaju uliisha siku ile ile, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Chokoleti ilikaa. Ikakaa. Wiki ikapita watu wanaingia na kutoka, wanaisifia bila kuigusa, mpaka sisimizi wakaiona.

Nikamwambia Mpemba: angalia hilo kopo. Na tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu, ewe uliyeuliza. Mdomo wa mtu ukionja kitu kipya unashangaa, na mshangao unafanana sana na kupenda. Mkono ndio hausemi uongo. Unarudi kwenye bakuli au haurudi, mtu akiwa anaongea habari nyingine kabisa, anaangalia tamthilia, anapiga umbea. Kwa hiyo sisi hatumuulizi mgeni "umeonaje?" Tunaweka bakuli, tunaongea mambo yetu, baadaye tunaangalia limebaki nini.

Msidhani ni mambo ya Sinza peke yake. Mwaka 2008 kampuni ya krispi ya Walkers ya Uingereza iliwaita wananchi wapendekeze ladha mpya, na mapema mwaka 2009 ladha sita zikaingia madukani ili zipigiwe kura. Moja ilikuwa pilipili na chokoleti. Nyingine ilikuwa ya kindi, ndiyo, kindi yule wa mitini, ingawa ndani ya pakti hapakuwa na kindi wala mkia wake. Iliyoshinda iliitwa Builder's Breakfast, yaani kifungua kinywa cha mafundi wa ujenzi, mayai na bekoni na mambo kama hayo. Aliyeipendekeza alipewa pauni 50,000 na ahadi ya asilimia 1 ya mauzo. Nchi nzima imepiga kura, magazeti yameandika. Na ladha yenyewe haikudumu madukani. Krispi za chumvi, na zile za jibini na kitunguu, ambazo hakuna anayezipigia kura, zipo mpaka kesho.

Kuhusu kindi asiyekuwemo, Mpemba ana hasira zake za siku nyingi. Binamu yake alirudi kutoka London na mfuko wa krispi za kamba, zile wanazoziita prawn cocktail. Mpemba akaufungua kwa heshima zote, mtoto wa pwani anayejua kamba akiwa bado anarukaruka kwenye tenga. Akatia moja mdomoni. Akatoa ya pili, akainusa, akaigeuza kwenye mwanga. "Hawa kamba wamevuliwa bahari gani?" Tukasoma kibandiko cha nyuma: hakuna kamba. Kuna sukari, unga wa nyanya, unga wa kitunguu, tindikali ya kuleta uchachu. Kumbe wanachoiga ni ile sosi ya waridi Waingereza wanayomwagia kamba. Nikamwambia abane pua atafune tena. Akabana. Ikabaki chumvi, utamu na uchachu, basi, ladha yote nyingine imeondoka. Alipoachia pua ikarudi yote kwa mpigo. Jaribuni nyumbani, hata kwa chungwa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ukiwa unatafuna, ulimi wenyewe unajua mambo machache tu. Anayetengeneza vitafunwa bila kujua hilo anaongeza sukari kila akiona ladha imepoa, wakati kilichopoa ni iliki yake, imekaa wazi dukani miezi.

Jambo la pili, ficheni majina. Ubuyu wa stroberi ulitutoa jasho. Mpemba aliapa anaujua hata akiwa usingizini. Nikachukua mabakuli matatu ya plastiki ya aina moja, mawili nikatia ubuyu mwekundu wa kawaida, moja la stroberi. Nikamfunga khanga machoni na kumwambia atafute lililo tofauti. Ukibahatisha tu, una nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo ukipatia mara moja hujathibitisha kitu, inabidi urudie na mabakuli yahamishwe. Anatafuna polepole, anakunywa maji, anarudi la kwanza, kidole juu kama hakimu. Akakosa. Tukahamisha, akakosa. Akanifunga mimi kwa hasira, nami nikakosa. Stroberi yote ilikuwa imebaki kwenye kibandiko. Na huo ubuyu kabla ya hapo tulikuwa tumeusifia, tena tuliulipia zaidi.

Mengine nitayapitisha haraka. Anza na vya pole, pilipili iwe ya mwisho, maana ikishapita hakuna kitakachosikika. Ikikuwakia, maji hayasaidii, ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta; tafuta maziwa au mtindi. Katikati ya onjo na onjo tafuna kipande cha mkate mkavu. Usionje ukiwa na njaa, utasifia hata mchanga. Na angalia bakuli. Nimeshasema? Nasema tena.

Sasa nije kwenye kilichoniuma, maana meseji ya yule msomaji ilitonesha kidonda kilichokuwepo. Kuna mtengenezaji mmoja, simtaji na msiniulize, alinitafuta mwenyewe. Ana ubuyu wa kahawa, anataka maoni. Tuliuweka mezani kama kawaida na mkono wa mtu haukurudi. Nikamwandikia kwa adabu, sababu na kila kitu: ubuyu una uchachu wake, kahawa ina uchungu wake, vikikutana vinagombana, na wewe umeamua kuwaamua kwa sukari, kwa hiyo mtu anashiba utamu punje ya tatu. Punguza kahawa, au itie kwenye korosho ambazo zina mafuta ya kuibeba. Unajua alinijibu nini? "Kwani wewe una cheti gani?"

Sina cheti. Nina ulimi, nina Mpemba, nina daftari lenye madoa mekundu. Hilo neno cheti likinijia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda.

Lakini kuna mama wa Temeke alileta ukwaju na pilipili, akakaa pale sebuleni akaona kwa macho yake bakuli lake linavyokwenda na lilipokwama. Lilikwama kwa sababu ndimu ya unga ilikuwa nyingi, watu walikuwa wanakula punje chache kisha wanasugua meno kwa ulimi. Hakuniuliza cheti. Alikwenda akapunguza, akarudi, akapunguza tena. Mwezi uliopita ubuyu wake ndio ulikuwa kwenye meza za kitchen party moja Tabata, makopo madogo yenye utepe, na mimi nilikuwepo, na nilikuwa nawaangalia akina mama wanavyoyatia kwenye mikoba. Mimi ndiye niliyemwambia ndimu imezidi. Niacheni nijisifu, leo ni zamu yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu, dada zangu, acheni kuwapa mashoga zenu kijiko na kuwakodolea macho wasifie. Rafiki atasema kitamu, atakula vya bure, na kwenye kulipa humuoni. Acheni kukimbilia ladha kwa sababu imetrendi. Jengeni kimoja kinachoisha mezani bila kutangazwa, hicho kikupe hela, ndipo mchezee pasheni na stroberi zenu. Na rangi iwe ya chakula, tafadhali, yenye kibandiko kinachosomeka. Wapo wanaopima rangi kutoka kwenye kifuko kisicho na jina ili watoto wetu walambe. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, sio TFDA tena, ile iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na wajasiriamali wadogo milango yao ni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanafundisha mpaka ufungashaji. Nendeni. Watu wanakesha mtandaoni kuuliza siri ya ubuyu wa fulani wakati ofisi ya mkoa iko wazi mchana. Uvivu huo mimi siuelewi, na nitausema hata mkininunia.

Mmoja atauliza kama tunalipwa kwa kuonja. Hatulipwi, na makopo mengi tunanunua wenyewe, kwa sababu ukipewa bure ulimi unakuwa na adabu isiyotakiwa. Mpemba analipia ya chumvi na pilipili, mimi nalipia ya sukari, na ugomvi mkubwa ni korosho, kila mtu anadai ni za upande wa mwenzake.

Bei nitaiandika siku yake, lakini walio na haraka waanze na hesabu hii. Pakti ya jero inabeba ubuyu, sukari, iliki, rangi, mkaa au gesi, kifungashio, boda wa kupeleka na faida ya mwenye duka. Kakao ikitaka kuingia humo, lazima kuna mmoja ashuke. Mpemba anasema ashushwe mwenye duka. Nikamuuliza watu watanunulia wapi, akasema tutajua mbele ya safari, akaenda zake kupiga pasi.