Unaenda kufanya kazi nje? Soma hii kabla hujasaini bima yoyote

Ndugu zangu mnaojiandaa kuondoka na nyie mliofika juzi juzi, naomba tuongee hii ishu ya bima kwa sababu watu wengi wanaichukulia kama karatasi ya kukamilisha viza tu, wakishagongewa muhuri hawaifungui tena mpaka siku wako hospitali mapokezi wameshika tumbo, ndo wanaanza kuperuzi kwenye simu kujua wamekatiwa nini.

Cha kwanza kabisa, bima iliyokupa viza na bima itakayokutibu mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Viza ya muda mfupi ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) inataka kava, yaani kiwango ambacho bima italipia, isiyopungua euro 30,000, lakini hiyo ni ya dharura na kurudishwa ulikotoka, imewekwa kwa ajili ya mtu anayepita, sio anayehamia kuishi na kufanya kazi. Sasa mtu anapata mkataba wa mwaka mzima anaendelea na bima ile ile ya safari, anaona imeandikwa hela nyingi anaridhika. Ukiingia ndani unakuta haigusi presha wala sukari uliyokuwa nayo kabla ya kuondoka, haigusi kliniki za kawaida, na nyingi hazitaki kusikia ajali ya kazini hasa kazi za mikono kama ujenzi na kazi za ghalani. Yaani unaenda kubeba mizigo kutwa nzima na bima yako inasema kazi ya kubeba mizigo haimo.

Kwa hiyo ukipewa mkataba achana na ukurasa wa mbele wenye picha za watu wanacheka, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo wasiyolipia, soma pole pole mpaka mwisho. Kuna jamaa tulikuwa tunafanya naye kazi alianguka na pikipiki akavunjika mguu, bima anayo na kalipia vizuri tu, ila leseni yake ilikuwa ya gari na mle ndani kuna sentensi moja inasema anayeendesha awe na leseni halali ya chombo hicho. Sentensi moja hiyo hiyo ikafanya madai yote yakataliwe, upasuaji, vyuma, kitanda, vyote vikabaki kwake. Angalia pia wanasemaje kuhusu pombe, kuhusu mimba (bima nyingi za kimataifa zinakutaka usubiri miezi kumi au mwaka na zaidi ndo zianze kulipia uzazi), meno, na magonjwa ya akili. Hayo ya akili msiyadharau jamani, upweke wa ugenini unaumiza watu kweli kweli.

Halafu kabla hujanunua chochote uliza kwanza mfumo wa nchi unayoenda ukoje, maana kuna sehemu sio hiari yako. Uingereza ukiomba viza ya zaidi ya miezi sita kwa kawaida unalipia huduma ya afya hapo hapo, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi, ukishalipa unatibiwa NHS (huduma ya afya ya serikali ya kule) kama wengine, ila meno yana malipo yake na kwa England dawa za kuandikiwa nazo unachangia. Uholanzi ukianza kazi una miezi minne ya kujiunga na bima ya msingi ya kule, na ukijivuta usidhani umeokoa hela, unadaiwa kuanzia siku ile wajibu ulipoanza. Japani nako ukichelewa kujiandikisha michango ya nyuma inakufuata, ila ukishaingia kwa kawaida mtu mzima unalipa asilimia 30 ya matibabu na bima inabeba iliyobaki.

Ujerumani nataka nikae kidogo kwa sababu ndo watu wanajifunga bila kujua. Kuna bima ya umma na kuna ya binafsi. Ya umma unakatwa kulingana na mshahara, mwajiri anabeba karibu nusu, na mwenza asiye na kipato pamoja na watoto wanaingia humo bila kuongeza mchango. Ya binafsi wanaangalia umri na afya yako, na kila mtu ndani ya nyumba analipiwa peke yake. Sasa kijana ana mshahara mzuri unaomruhusu kuchagua, yuko peke yake, ana miaka 27, anaoneshwa ya binafsi iko chini anasaini palepale. Baadaye anaoa, watoto wawili, akipiga hesabu inamuelemea, na kurudi kwenye ya umma sio kama kubadilisha laini ya simu, kuna masharti, na ukishafika miaka 55 mlango karibu umefungwa. Usichague bima kwa maisha ya leo peke yake, fikiria nani watakuja kukufuata.

Kwa wanaokwenda Ghuba, Saudia mwajiri anatakiwa kisheria kukukatia bima ya afya, na Falme za Kiarabu tangu Januari 2025 sharti hilo limefika emirati zote. Lakini kuwa na kadi haimaanishi hospitali yoyote utaingia. Kadi za bei ya chini zina orodha yake ya kliniki, orodha hiyo iombe wiki ya kwanza, tafuta iliyo karibu na unapolala na upite mlangoni ukaijue kabla hujaumwa. Waulize watu wa HR (ofisi ya mambo ya wafanyakazi) maswali mawili, kava inaanza siku gani na inaisha siku gani nikiacha au nikiachishwa kazi. Hapo pa kuisha ndo pana maumivu. Marekani ukipoteza kazi kwenye kampuni kubwa kuna sheria ya kuendelea na bima ile ile kwa kawaida hadi miezi 18, ila sehemu aliyokuwa anakulipia mwajiri inahamia kwako, na ni hela ndefu mno kwa mtu ambaye ndo kwanza hana mshahara.

Na Marekani hiyo hiyo usilinganishe bima kwa mchango wa mwezi tu. Kuna kiasi unatoa mwenyewe kwanza kila mwaka kabla wao hawajaanza kuchangia, kuna unacholipa kila ukienda kwa daktari, na kuna kikomo ambacho ukikifikia wanabeba wao yaliyobaki ya mwaka huo kwa huduma zilizomo kwenye kava. Mchango mdogo mara nyingi maana yake kile cha kwanza ni kikubwa, na kama huna akiba ya kukitoa basi hiyo kadi utaiogopa kuitumia.

Kitu watu hawapendi kuongea ni kifo. Naomba tuongee. Bima nyingi za ndani ya nchi zinakutibu ukiwa hai, ila kusafirisha mwili hazihusiki, ndo maana kila siku magrupu ya watsap yanachangishana familia ikiwa kwenye msiba. Viza ya J-1 ya Marekani (ya wanaokwenda kwa programu za kubadilishana) inalazimisha kava ya angalau dola 25,000 kwa hilo, kwingine kama hakuna anayekulazimisha ulizia mwenyewe, mara nyingi inauzwa kama nyongeza ndogo.

Kwenye fomu ya afya andika ukweli wote, hata ile dawa ya presha unayomeza kila asubuhi, kwa sababu wakigundua baadaye umeficha wanaweza kufuta mkataba mzima. Na ukimuuliza wakala kitu akajibu "usijali hiyo imo", mwambie akutumie kwa imeili na akutajie kifungu namba ngapi. Akishindwa, tafuta wakala mwingine.