Chungwa si duara

Swali: Nafundisha darasa la awali, Morogoro. Kwenye somo la maumbo, nikiinua chungwa watoto wote wanaitikia "duara!" Nikiwaambia ni tufe, mwalimu mwenzangu anadai tufe ni la wanariadha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe, mwalimu. Lile tufe la kurusha, la kilo 7.26 kwa wanaume na kilo 4 kwa wanawake, limeitwa hivyo kwa umbo lake. Riadha imeliazima jina, haijalinunua.

Ila umenigusa penye kidonda. Chati za ukutani zimejaa picha ya mpira, chini yake "duara", na picha ya boksi, chini yake "mraba". Aliyeziandika alilipwa, tena huenda vizuri. Duara asili yake ni Kiarabu, kwenye mambo ya kuzunguka: mstari umejipinda mpaka ukarudi ulikoanzia. Huchorwa. Halimenywi wala halipigwi teke.

Hebu nenda uwanja wowote wa mpira. Katikati pamechorwa duara kwa chokaa, nusukipenyo mita 9.15, na mpira unawekwa pale kwenye kitovu. Kama mpira nao ni duara, basi refa kaweka duara ndani ya duara, mshambuliaji anapiga duara kutoka kwenye duara, na wapinzani wametakiwa wasiingie kwenye duara kabla duara halijaguswa. Mtangazaji wa redio atayamalizaje hayo bila kuomba maji? Mvua ikinyesha duara linafutika, mpira unalowa tu. Na duara halijazwi upepo. Mpira usipojazwa, hakuna mechi.

Mraba nao umeonewa vivyo hivyo. Dadu ya ludo ina nyuso 6, na mraba ni uso mmoja tu kati ya hizo. Dadu yenyewe ni mchemraba. Boksi la viatu hata uso wa mraba kwa kawaida halina, ni mche mstatili. Mtu asiniambie mche ni msamiati mgumu kwa mtoto. Mtoto huyo huyo jana katumwa dukani kununua mche wa sabuni, akaurudisha nyumbani salama. Angeomba "mstatili wa sabuni", muuza duka angemtazama mara mbili.

Kwa hiyo mwalimu, weka chati kabatini, ulete vitu. Kopo la nyanya ukilisimamisha linatulia, ukililaza linabingirika: mcheduara. (Majirani wanaosema silinda sigombani nao.) Dadu ukiisukuma inateleza, haibingiriki. Chungwa halina upande wa kukalia. Karatasi ya karanga iliyosokotwa ncha ina umbo la pia, na pia ya kuzungusha watoto wenyewe wanaichezea.

Mtaani sina ukali huo. Mtu akisema mpira ni wa mviringo namwacha apite. Mviringo ni neno lenye moyo mkubwa, limebeba hadi viazi mviringo, ambavyo nusu yake vimepinda. Duara libaki kwa sarafu iliyochorwa pembeni kwa penseli, na kwa chapati.

Najua atatokea mjuaji wa kuniandikia kwamba chapati ina unene, hivyo nayo ni mcheduara. Ni kweli. Apewe chai, anywe, aende.