Mechi za alfajiri na mzigo wa mboga

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34 na naishi Nkuhungu, Dodoma, na mke wangu, ambaye ana genge la mboga Majengo. Hutoka nyumbani saa 11:30 alfajiri kuwahi mzigo, na kumpeleka kwa pikipiki ni kazi yangu. Tatizo langu ni besiboli. Naishabikia Los Angeles Dodgers. Mechi zao nazitazama kwenye simu, na jioni nacheza MLB The Show, mchezo wa video wa besiboli, kwenye PlayStation hadi mke wangu analala. Mechi za Los Angeles nyingi huanza saa 11:10 alfajiri kwa saa zetu, kwa hiyo mara tatu ameondoka peke yake gizani kutafuta bodaboda. Sasa ananuna, na nilipomweleza kwamba ninaweka akiba niende kuwaona Dodgers uwanjani kwao, alinijibu kwamba ameolewa na mlevi wa gongo lisilonyweka. Je, niuache mchezo huu?*

Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye neno gongo nilivua miwani nikaifuta, nikidhani mambo yamekuwa makubwa kuliko ulivyoanza kueleza. Nashukuru ni gongo la kupigia mpira tu, na nakiri kwamba mkeo ana ulimi mzuri.

Sikuambii uuache. Ninachokulaumu ni kwamba unaitazama besiboli kana kwamba kila mechi ni Simba na Yanga. Ligi yetu kuu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu, na ndiyo maana ukikosa moja unaumia. Timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani inacheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, yaani karibu kila siku, kabla hata ya kufika kwenye mtoano. Dodgers wako hao walipoteza mechi 69 za msimu wa kawaida mwaka 2025, na bado wakatwaa ubingwa. Mchezo wenyewe umepangwa ili mtu aukose leo aupate kesho, na matokeo utayasoma kwenye simu yako saa 4 asubuhi ukinywa chai. Mzigo wa mboga haurudiwi kesho; atakayechelewa atauziwa mchicha uliokwisha kuchaguliwa na wenzake.

Ningekuelewa kama ungenitajia usiku mmoja tu, ule wa fainali za Oktoba 2025, mechi ya tatu dhidi ya Toronto, iliyokwenda awamu 18 badala ya 9 mpaka Freddie Freeman wa Dodgers alipoupiga mpira nje ya uwanja na kuimaliza. Kwetu ilianza kama saa 9 usiku ikaisha karibu saa 4 asubuhi. Usiku wa namna hiyo mume anaweza kumwamsha mkewe, akamwomba ruhusa mapema na akamtafutia dereva anayeaminika, na mke mwenye moyo atakubali. Wewe umefanya hivyo kwa mechi za kawaida za katikati ya wiki, tena bila kuomba.

Sasa tazama saa, kwa maana ndizo zitakazokuokoa. Jumapili Dodgers wakiwa kwao mara nyingi hucheza mchana, saa 7:10 ya huko, ambayo kwetu ni saa 5:10 usiku, na tangu mwaka 2023, mrushaji alipowekewa saa ya kumhimiza arushe, mechi nyingi huchukua muda wa chini ya saa tatu. Wakisafiri kwenda Chicago, uwanja wa Wrigley, ambao haukuwa na taa mpaka mwaka 1988, bado una mechi nyingi za mchana zinazoanza saa 3:20 usiku wetu. Hizo ni zako, uzitazame zote bila kujificha. Za saa 11 alfajiri ziache zichezwe bila wewe.

PlayStation haina shida kubwa, kwa sababu mechi ya humo unaweza kuisimamisha na kuihifadhi, ila isiwe ndiyo inayomwimbia mkeo usingizi kila siku. Siku moja mpe yeye kidhibiti ashike gongo, ukae kimya, usimfundishe kanuni zote kwa pamoja, asipopenda, basi.

Kuhusu safari ya Marekani, akiba iendelee, lakini aijue kiasi chake na aiafiki, kwani ni jasho la nyumba moja. Kabla ya hapo ningependa mwende Dar es Salaam kwa treni ya SGR, mkauone uwanja wa besiboli wa Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Nashangaa shabiki wa kiasi chako hakuutaja hata kidogo. Inawezekana hujawahi kusikia mlio wa mpira halisi ukigonga gongo.

Leo jioni, kabla ya kuwasha chochote, mtake radhi kwa zile alfajiri tatu, ukizitaja moja moja. Maelezo ya Dodgers usiyatie humo. Kesho saa 11:15 pikipiki iwe imeshatiwa mafuta na iko mlangoni.