Otopailoti ya gurudumu kwa boti ya futi 32: anza na uzito, kisha usukani wenyewe

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza ununue otopailoti gani, yaani mashine ya kushika usukani badala ya mtu, ya kufunga kwenye gurudumu la usukani. Boti yako ni ya matanga, futi 32, mnasafiri wewe na mkeo tu kati ya Dar es Salaam, Pemba na Kilifi, na fedha za ile kubwa inayofungwa chini ya sitaha hazipo. Mimi nina ya futi 31, iko Kilifi mwaka wa tisa huu, na nimeshatumia otopailoti mbili za gurudumu. Ya kwanza niliichagua vibaya, na kwa jinsi ulivyoandika naona unaelekea kosa lilelile.

Nilitazama urefu wa boti. Mota ya otopailoti haijui urefu. Inapambana na uzito. Karatasi za boti yangu zinasema tani 4 na nusu, nami nikaridhika. Lakini huo ni uzito wa chombo kitupu. Siku moja nilikaa na daftari nikaandika kila kilichomo: maji lita 200, dizeli lita 90, nanga mbili na mnyororo wa mita 50, betri tatu, kihori cha mpira na injini yake, mitungi ya gesi, vifaa vya ufundi, chakula cha wiki mbili, watu wanne. Ilipita tani nzima juu ya ile ya karatasi. Kwa hiyo chukua uzito ulioandikwa, ongeza asilimia 20 angalau, ndipo ulinganishe na kikomo cha mashine. Niliyonayo sasa ni Raymarine EV-100 ya gurudumu. Mtengenezaji ameiwekea kikomo cha kilo 7,500 chombo kikiwa kimeshapakiwa, na kwangu inabaki nafasi ya kutosha. Ikiwa yako ukishapakia inakaribia kilo 7,000, ushauri wangu ni kusubiri na kuweka akiba ya ile ya chini ya sitaha. Mashine inayofanya kazi kwenye kikomo chake kila siku itakuacha siku ya bahari mbaya, na hiyo ndiyo siku uliyoinunulia.

Kabla ya kulipa chochote, nenda kwenye usukani wako. Ndani ya lile duara la plastiki la otopailoti linalofungwa kwenye gurudumu mna mota ndogo inayovuta mkanda wa meno, mkanda unazungusha gurudumu, na gurudumu linavuta mnyororo na waya hadi kwenye msukani, ule ubao wa majini unaogeuza chombo, kama kawaida. Maana yake, ubovu wowote ulio kati ya gurudumu na msukani mashine inaurithi. Boti ikiwa imetulia bandarini, zungusha gurudumu polepole kwa kidole. Likiwa zito, bushi au kapi zimekauka. Likienda kulia na kushoto kidogo bila msukani kusogea, waya umelegea. Kwangu mchezo huo ulikuwa upana wa kiganja. Otopailoti ilikuwa inaharakisha, inachelewa, inaharakisha, na boti inaandika nyoka baharini. Kukaza waya na kutia grisi hakukunigharimu hata sehemu ya kumi ya bei ya mashine, na tofauti niliiona siku hiyohiyo.

Jambo jingine linatoka hapohapo. Waya ukikatika, gurudumu limekwenda na otopailoti imekwenda nalo. Ile ya chini ya sitaha, ikiwa na mkono wake wenyewe kwenye mhimili wa msukani, inaendelea kukuongoza hata gurudumu likiwa limekufa. Ndicho hasa watu wanacholipia. Wewe wa gurudumu, hakikisha kana ya dharura, ule mkono wa kugeuzia msukani moja kwa moja, ipo, inaingia mahali pake, na mkeo ameshaifunga kwa mikono yake mwenyewe angalau mara moja.

Sasa Kusi, maana hapo ndipo nilipojifunza. Wakati wa Kaskazi ya Januari, bahari ikiwa laini, karibu kila otopailoti inaonekana nzuri. Mwezi wa saba nilitoka Tanga kuja Kilifi, upepo ukipiga upande wa shetri, yaani nyuma ya boti, mawimbi yanainua shetri hiyo na kuisukuma pembeni. Kila wimbi boti ilikuwa inavuta joshini, upande unakotoka upepo, na mashine ya kwanza ilikuwa inazungusha gurudumu wakati wimbi limeshapita. Nikashika gurudumu mwenyewe saa tano mfululizo. Nilimlaumu aliyeniuzia. Baadaye baharia mmoja mzee wa Lamu alipanda nami safari kama ile, akatazama juu, akaniambia tanga kuu ni kubwa mno. Tukalipunguza mara mbili, tukaliacha tanga la mbele livute. Gurudumu likawa jepesi mara moja, na mwendo haukupungua kwa kitu cha maana. Tangu hapo nina kipimo kimoja: ikiwa siwezi kushika njia kwa vidole viwili, sitii otopailoti kazini mpaka nirekebishe matanga. Usinunue mota kubwa ili ikufanyie kazi ya matanga.

Umeme nao. Usiku mmoja mashine ilijizima mara tatu tukiwa mbele ya Msambweni, kila mara boti ikigeukia upepo na matanga kuanza kupiga. Betri zilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa waya mwembamba kutoka kwenye betri hadi kwenye nguzo ya gurudumu, mita nane. Mota ikivuta kwa nguvu, volti zinashuka na kompyuta yake inaanza upya. Nikatia waya wa milimita 6 za mraba na fyuzi yake, haijazima tena. Piga hesabu hii pia: ikila wastani wa ampea 2, kwa saa 24 ni ampea-saa 48. Betri za asidi usizitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo betri moja ya 100 inaishia hapo, kabla ya taa, friji na redio.

Kitambuzi cha dira kiweke chini, karibu na katikati ya chombo, mbali na injini, spika na chuma chochote. Rafiki yangu alihangaika msimu mzima na boti iliyokuwa inakwenda kombo, kumbe nanga ya akiba ilikuwa imelala upande wa pili wa ubao uleule alipokifunga kitambuzi.

Ukivuka kwenda Pemba, kumbuka mashine inashika mwelekeo wa dira, haishiki njia. Mkondo wa pale unakwenda kaskazini, na wakati wa Kusi una nguvu. Ukiwa wa maili 2 tu kwa saa, kwa saa sita umekusogeza maili 12, huku omo, yaani mbele ya boti, ikiwa imeelekea palepale ulipoiweka. Iunganishe na GPS, au angalia nafasi yako kila nusu saa. Ukiitumia kufuata upepo badala ya dira, upepo ukigeuka boti nayo inageuka, na miamba ya Pemba iko karibu.

La mwisho nakuomba ulichukulie kwa uzito wote. Usiku kuna wavuvi kwenye ngarawa, wengi wana tochi tu, na mashine haiwaoni. Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini, ile ya mwaka 1972, inadai kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia muda wote kwa macho na masikio. Na yeyote anayebaki juu peke yake ajifunge kamba. Kwa maili 5 za baharini kwa saa boti inamwacha aliyeanguka mita 150 kila dakika, na otopailoti itaendelea kushika mwelekeo wake vizuri kabisa. Mfundishe mkeo kwanza kuachilia ile klachi ya mkono inayotenganisha mota na gurudumu, kabla hujamfundisha vitufe.

Nitumie uzito wa kwenye karatasi, upana wa gurudumu na idadi ya njiti zake, na uniambie msukani wako unaendeshwa kwa waya au kwa shinikizo la mafuta kwenye mabomba. Ukiwa wa mafuta, haya ya gurudumu yaache kabisa, tuzungumzie pampu.