Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Ukweni, Ufukweni Scarborough

SWALI: Mume wangu ni Mwingereza aliyezaliwa Scarborough, na kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi hapa Tanga. Kila mwezi Julai huenda kwao kumtazama mama yake, na mwaka huu tumekubaliana kwamba nitafuatana naye pamoja na watoto wetu wawili. Ananiambia kuwa tutashinda ufukweni karibu kila siku. Mimi nimekulia Raskazone, na kwa kweli sielewi kwa nini mtu aiache bahari yenye joto aende kukaa kando ya bahari ya baridi, kisha aite hiyo starehe. Je, watoto wataweza kuogelea? Na iwapo mimi sitaingia majini, nitakuwa nimewavunjia heshima wakwe zangu? — Mama wa Wawili, Tanga.

JIBU: Mama wa Wawili, la heshima liondoe moyoni kabisa, kwa kuwa wengi utakaowakuta kwenye mchanga wa Scarborough nao hawataingia majini, isipokuwa pengine kukunja suruali na kulowesha miguu. Bahari ya Kaskazini, hata mwezi Agosti inapokuwa na joto lake kubwa, huwa na kiasi cha nyuzi 14 au 15 za Selsiasi, ilhali maji ya kwenu, hata kusi inapovuma, huwa na nyuzi 25 hivi. Waingereza wanaifahamu tofauti hiyo vizuri kuliko tunavyodhani. Wanachokifuata ufukweni ni kutembea kwenye njia iliyojengwa kando ya bahari, kukaa kwenye viti vya turubai nyuma ya pazia la kukinga upepo, kunywa chai, kula aiskrimu hata kukiwa na baridi, na kuwatazama watu wengine wakifanya hayo hayo.

Desturi hiyo ina historia yake, nayo ilianzia kwenye tiba. Mnamo 1626 hivi, mwanamke aitwaye Elizabeth Farrow aliona chemchemi ikitoka chini ya jabali la Scarborough, na maji yake yakasifiwa kuwa ni dawa. Baadaye matabibu wakaisifia bahari yenyewe, baridi na yote, na kufikia miaka ya 1730 kulikuwa na vijumba vya magurudumu vilivyokokotwa hadi majini ili muogaji ajitose bila kuonekana na watu. Reli kutoka York ilifika mwaka 1845, na baada yake wakaja watu wa kila tabaka. Hoteli ya Grand, iliyofunguliwa mwaka 1867 na ambayo utaiona juu ya ufuo wa kusini, ni ya enzi hizo: husemwa kwamba ilisanifiwa ifanane na mwaka, ikawa na minara 4 kwa majira, ghorofa 12 kwa miezi, mabomba ya moshi 52 kwa wiki na vyumba 365 kwa siku. Kisha, kuanzia miaka ya 1960, safari za ndege za bei nafuu zikawapeleka Waingereza wengi Hispania, kwenye jua la uhakika, na miji ya pwani yao ikapungukiwa na wageni.

Nakutajia hilo la mwisho kwa sababu linamhusu mumeo. Mtu anayeishi ughaibuni huubeba mji wake kichwani kama alivyouacha, na kila arudipo hukuta duka limefungwa, bei zimepanda, na rafiki wa utotoni amehamia Leeds. Ukimwona amenyamaza siku mbili za mwanzo, au amevaa sweta huku ndugu zake wakitembea na fulana, usidhani kwamba wewe ndiye uliyemchosha. Ndugu zake nao watakuuliza habari za Tanga kidogo tu, kisha mazungumzo yatahamia kwenye hali ya hewa na mahali pa kuegesha gari. Hiyo si dharau. Mara nyingi ndivyo wanavyomkaribisha mtu wa nyumbani, na kwa maoni yangu afadhali hivyo kuliko kuwekwa sebuleni uhojiwe jioni nzima.

Watoto wanaweza kuogelea, kwa masharti. Wanunulie mavazi ya mpira ya kuogelea, ambayo hupatikana kwa urahisi huko huko, wala wasikae majini muda mrefu, kwani baridi hulegeza viungo kabla mtoto hajatambua. Waogelee pale tu wanapokuwapo waokoaji, kati ya bendera zenye rangi nyekundu na njano. Kwenye fukwe nyingi waokoaji hao ni wa RNLI, taasisi ya hisani iliyoanzishwa mwaka 1824. Maboya ya kujaza upepo yaacheni nyumbani, maana upepo unaotoka nchi kavu huyasukuma mbali upesi. Soma pia kibao kinachoeleza usafi wa maji ya ufuo kabla ya kumruhusu yeyote kuingia. Kujaa na kupwa kwa maji huna haja ya kufundishwa wewe uliyekulia na bamvua, ila kumbuka kwamba chini ya majabali yale mtu anaweza kuzingirwa na maji akakosa pa kupandia.

Siku nyingine hamtaiona hata hiyo bahari. Hewa yenye joto ipitapo juu ya maji baridi huzaa ukungu mzito ambao wenyeji huuita fret, nao waweza kuifunika pwani huku mwendo mfupi kuelekea bara jua likiwaka. Siku kama hiyo wapelekeni watoto kupanda lifti ya reli ya mwaka 1875, inayopandisha watu jabalini kutoka ufukweni. Na ulizeni mapema ni siku zipi panapofanyika vita vya meli ndogo kwenye ziwa la bustani ya Peasholm. Mchezo huo ulianza mwaka 1927, na baadhi ya meli huendeshwa na watu waliojificha ndani yake.

Hukuuliza kuhusu chakula, lakini iwapo mnachunga halali, maduka mengi ya samaki na chipsi katika eneo la Yorkshire hukaangia mafuta ya ng'ombe ambaye huenda hakuchinjwa kihalali, na mengine hutia bia kwenye rojo la unga linalopakwa samaki. Mwambie mumeo aulize kabla ya kuagiza. Yapo yanayotumia mafuta ya mimea. Mweleze mama mkwe wako pia, kabla hamjaondoka Tanga, kwamba mwishoni mwa Julai jua la huko huchwa kiasi cha saa tatu usiku, hivyo mtachelewa kusali Magharibi na watoto watachelewa kulala, ili apange saa ya chakula cha jioni akiwa anajua.