Bloke laini katikati: usiongeze parafini, rudisha nyama nyuma

Kwa yule mwenzetu wa labo aliuliza afanye nini na uvimbe wa ziwa (titi), bloke yake (nyama ya mgonjwa ndani ya parafini, ile nta) inabonyea ndani na kupe (vipande vyembamba vya kuangalia mu mikroskopi) zinapasuka zikigusa maji ya vuguvugu: acha kwanza kukata, kila kupe unayoharibu ni nyama ya mgonjwa inaisha.

Nusa bloke. Kama inanuka ksileni (dawa nyama inapita kabla ya parafini), hapo ni parafini haikuingia muzuri, irudishe mu parafini mupya masaa mbili tatu, basi. Lakini kama katikati iko nyeupe, iko laini, na inazidi kubonyea ukiiacha mpaka asubuhi, ile ni maji yalibaki, na maji hayachanganyikake na parafini hata uweke mu etuvi (furu ya labo) juma zima. Huku Bukavu naona wengi wanaongezaka tu masaa ya parafini, nyama inakauka pembeni na katikati iko vile vile.

Kawaida nyama inapita formoli (dawa ya kuizuia isioze), alkoli ya kutoa maji, ksileni, kisha parafini; mie narudishaka ile njia nyuma mpaka nipite pale ilipoharibika. Yeyusha bloke kwa 60°C, pangusa parafini yote, ksileni mara tatu kama saa moja moja (mbali na moto tafazali, ile kitu inawaka), halafu alkoli ya 100% mara mbili, ya 95%, ya 70%. Kipande kikipita milimita 4 kipunguze hapo hapo, na nyama ya ziwa hata ikipita 3, sababu mafuta yake ni kichwa ngumu. Kisha angalia rejista: kama ilikaa mu formoli chini ya masaa 6, irudishe mu formoli ya 10% usiku mzima kabla ya kuanza upya. Zile zinatoka inje ya muji, ku Walungu na Shabunda, mara mingi nyama imejaza chupa na formoli iko ya kulowesha tu, wakati inapaswa kuwa mara 10 ya nyama, sasa hapo mashini ya kupitisha nyama mu zile dawa itafanya nini?

Na usianze upya na alkoli ile ile! Alkoli ya 100 ni bei, najua, tunaitumia mpaka inachoka. Dondosha kidogo mu ksileni safi, ikigeuka kama maziwa iko na maji, iteremshe itumike mu hatua za alkoli ya chini ya 100.

Mu rejista andika kwamba bloke ilirudiwa, maana nyama iliyooza kabla ya kuingia mu formoli hairudi, na dokta akiona viini vya seli vimefifia asidhani ni ematoksilini yako (ile rangi ya viini).