Maswali na Majibu: Mtungi wa Gesi ni Sawa na Yuniti Ngapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumbani tuna mtungi wa gesi wa kilo 6 na umeme wa Tukuza (wa kununua yuniti kabla ya kutumia). Nimeambiwa kilo moja ya gesi ina megajuli 46. Nikazidisha kwa 6, kisha kwa 3.6, nikapata yuniti 993. Haziniingii akilini. Nimekosea wapi? – Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam. Hatua ya kwanza ni sawa: 46 mara 6 ni megajuli 276. Ya pili ulitakiwa ugawe. Wati 1 ni juli 1 kwa sekunde, na saa ina sekunde 3,600. Wati 1,000 zikiwaka saa nzima zinakula juli 3,600,000, yaani megajuli 3.6, na hiyo ndiyo yuniti moja ya mita (kilowati-saa). Kwa kuwa yuniti ni kubwa kuliko megajuli, idadi lazima ipungue: 276 ÷ 3.6 = 76.7.

Ila usiishie hapo ukaanza kulinganisha bei. Katika jiko la gesi, takriban nusu tu ya joto ndiyo huingia kwenye sufuria. Jengine hupita ubavuni, na sufuria ikiwa ndogo kuliko moto, au upepo ukiingia dirishani, hasara huzidi. Birika la umeme halipotezi kiasi hicho, maana koili imo ndani ya maji. Nusu ya 76.7 ni kama 38, na kwa kuwa birika nalo hupoteza kidogo, litahitaji zaidi ya 38 kufanya kazi hiyo hiyo. Kwa kuchemsha maji, basi, mtungi wako ni kama yuniti 45. Gawa bei ya kujaza mtungi kwa 45, ulinganishe na bei ya yuniti moja.

Ukitaka kuhakikisha, zima vyombo vyote, uchemshe lita 1.5 za maji ya nyuzi 27. Kila lita huhitaji kilojuli 4.19 kwa kila nyuzi, na kutoka 27 hadi 100 ni nyuzi 73: 1.5 × 4.19 × 73 = kilojuli 459. Gawa kwa 3,600 (hizi ni kilojuli, si megajuli) upate yuniti 0.13. Mita itakata kama 0.15, kilichozidi kimepasha birika lenyewe na hewa.

SWALI: Paketi ya biskuti imeandikwa kJ 2,000 na kcal 478. Nifuate ipi? – Msomaji, Mkoani

JIBU: Yoyote, ni nishati ile ile: 2,000 ÷ 4.184 = 478. “Kalori” zinazotajwa kwenye mlo ni hizo kilokalori. Angalia zaidi kama hesabu ni ya gramu 100 au ya paketi nzima. Hapo ndipo wengi hupotea.